Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tenisi ya Wakongwe, Mbeya

Ndugu wanachama, na wazee wangu mliotutangulia, shikamooni.

Naanza na mipira, maana ndiyo iliyotugombanisha zaidi mwaka huu. Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, haiushiki mpira, kwa hiyo mpira wa kawaida unadunda hadi begani na kupitiliza mstari wa nyuma. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF) lina aina ya mipira kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Kamati iliagiza makopo machache. Yalichelewa, na bei ni kali. Lakini mliocheza nayo mmeona: sasa mpira unapigwa mara nyingi kabla ya pointi kupatikana, na mwenye akili ana nafasi dhidi ya mwenye mabavu. Naomba ada iongezwe tununue mingine.

Kwa mara ya kwanza tulicheza kwa makundi ya umri kama ITF inavyofanya, miaka mitano mitano, na umri wako ni ule utakaoutimiza kufikia Desemba 31. Kundi la 75 lilikuwa na wazee wawili tu. Fainali yao ndiyo mechi bora niliyoitazama mwaka huu. Walifungana seti moja moja, wakaamuliwa kwa taibreki, yaani mchezo mfupi wa kumpata mshindi, ya pointi 10, na pointi ya mwisho ilikuwa mpira mfupi wa kukata uliofia karibu na neti. Aliyeshindwa hakusema neno hadi jioni.

Ndiyo maana sikubali tukiambiwa tunajifanyia mazoezi tu. Leonid Stanislavskyi wa Ukraine alicheza mashindano ya dunia ya ITF huko Mallorca mwaka 2021, akiwa na miaka 97. Alikwenda kushindana. Nasi vivyo hivyo.

Wawili wetu waliumia misuli ya kigimbi asubuhi za baridi ya Juni. Kosa ni letu kamati, tuliwaingiza uwanjani saa moja. Kuanzia sasa, msimu wa baridi hakuna mechi kabla ya saa nne. Hesabu atazisoma mhazini.

Wanaokwenda kucheza Iringa wajiandikishe kwa katibu leo. Kina mama wa miaka 60 na kuendelea, nawaomba sana mje: mwenzenu mmoja amelipa ada, amefanya mazoezi mwaka mzima, na hajapata mpinzani hata mmoja.