Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi: Dereva wa lori apimwe mlimani kabla ya kupewa leseni

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima naomba uisome barua hii mpaka mwisho. Barua mbili nilizowaandikia viongozi wa karibu yetu kabla ya hii hazikujibiwa, na baada ya yaliyonikuta wiki iliyopita sina tena sababu ya kuendelea kusubiri kimya.

Mimi ni dereva mstaafu. Niliendesha malori kwa miaka 26 kati ya Dar es Salaam, Tunduma na miji ya migodi ya Zambia, na tangu nilipoacha usukani ninaishi Mbalizi, chini ya mteremko wa Mlima Iwambi, ambako nilijenga kibanda cha kuuza vipuri vidogo vidogo na soda. Jumanne iliyopita, saa kumi na moja jioni, semi-trela iliyobeba salfa ya kupelekwa Kongo ilishuka mlima huo ikiwa haishikiki, ikavuka mtaro, ikabomoa nusu ya kibanda changu na kulala ubavu hatua chache kutoka mlango wa nyumba yangu. Mtoto wa marehemu kaka yangu, kijana wa miaka 19 ambaye ndiye mkono wangu wa kulia pale dukani, alivunjika mguu mahali pawili na yuko wodini hadi leo. Hakufa mtu, na kwa hilo ninamshukuru Mungu kila ninapoamka.

Nilimsaidia dereva kushuka kabla askari hawajafika. Alikuwa kijana, anatetemeka mwili mzima, na moshi wa breki ulikuwa bado unatoka kwenye magurudumu ya tela. Nilimuuliza swali ambalo dereva yeyote wa zamani angeliuliza: "Umeshuka na gia ya ngapi, mwanangu?" Akanijibu, "Mzee, niliweka frii. Gari lilipochanganya nikataka kurudisha gia, ikakataa." Kuweka frii ni kutoa gia na kuliacha gari lijishukie lenyewe. Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha kushuka mlima. Akasema hakuna. Alikuwa akiendesha tipa la mchanga Dar es Salaam, akapata leseni ya daraja E, na hiyo ilikuwa safari yake ya pili kupandisha Nyanda za Juu Kusini. Leseni aliitoa mfukoni akanionyesha, nayo ilikuwa halali.

Usiku uleule tuliambiwa kwamba chanzo cha ajali ni breki kufeli.

Mheshimiwa Waziri, ni maneno haya mawili yaliyonifanya nishike kalamu. Yamesemwa kwenye miteremko yote ya barabara yetu hii, Iwambi, Inyala, Mlima Nyoka na Kitonga, na kila yanaposemwa uchunguzi huonekana umekwisha, kana kwamba breki hufeli zenyewe kama mvua inavyonyesha. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu gari na tela lake vifikie tani 56. Uzito huo ukiachwa ujishushe mlimani, hakuna breki ya gurudumu iliyotengenezwa kuuzuia peke yake kwa kilomita kadhaa. Kazi ya kulizuia gari ni ya injini: dereva anaingiza gia nzito, yaani ya chini, kabla mteremko haujaanza, anatumia breki ya injini, na mguu anaugusisha kwenye pedeli kwa vipindi vifupi tu. Anayeweka frii ili aokoe mafuta ameiondoa injini kazini na kuuacha mzigo wote kwenye ngoma za magurudumu. Ngoma zikipata moto hutanuka na kujitenga na lainingi, yaani vile vipande vinavyozibana ili gurudumu lisimame, lainingi zenyewe huungua zikawa laini kama kioo, na hapo hata ukikanyaga kwa miguu miwili hupati kitu. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimeza huongezeka mara nne, na ndiyo maana aliyechelewa kwa nusu dakika huwa amechelewa moja kwa moja.

Wengine husema upepo unaoendesha breki uliisha. Ninaomba wataalamu wako wakueleze kwamba kwenye malori mengi ya siku hizi upepo ndio unaozishikilia springi za breki, hivyo upepo ukiisha springi hujiachia na kuyabana magurudumu ya nyuma. Gari lililoishiwa upepo kwa kawaida husimama. Gari linalokimbilia nyumba za watu mara nyingi ni gari lililochomwa breki na mtu asiyejua kushuka, au lenye breki ambazo hazijakazwa miezi mingi, au yote mawili kwa pamoja. Hilo la breki kutokukazwa ni la mwenye gari na wakaguzi, na halinihusu leo. La kutojua kushuka linahusu leseni, na leseni inakuhusu wewe, kwa kuwa askari wa usalama barabarani walio chini ya wizara yako ndio wanaompima dereva kabla Mamlaka ya Mapato haijamchapishia kadi yake.

Sisi tulijifunza vipi? Mimi nilikuwa utingo kwa miaka minne. Nilikuwa nikikaza breki, nikiweka vigingi kwenye matairi na kupima upepo kila tunaposimama, na dereva wangu, Mungu amlaze mahali pema, hakuniachia usukani Kitonga mpaka nilipoweza kumtajia gia ya kila kona bila kuangalia barabara. Halikuwa darasa wala hakukuwa na cheti, lakini ulikuwa ualimu. Leo magari ya kwenda Tunduma yameongezeka kuliko walimu wa namna hiyo. Nadhani, ingawa hili ni la kukisia kwangu, kwamba wenye magari wanahitaji madereva haraka, vijana wanahitaji ajira haraka, na mtihani umebaki palepale ulipokuwa tangu magari yalipokuwa madogo. Nadhani pia kwamba posho ya kulipwa kwa safari, baada ya siku kadhaa za kukaa kwenye foleni ya mpaka, inamsukuma kijana kushuka mbio ili afidie. Kama nimekosea katika hayo nitasahihishwa kwa furaha. Katika la frii sijakosea, maana nililiona kwa macho yangu.

Sisemi kwamba kila ajali ni ya dereva. Machi 2015 pale Changarawe, Mafinga, kontena lilipoangukia basi na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha, mashimo ya barabarani yalitajwa, na kutajwa kwake kulikuwa haki. Lakini Juni 2024 pale Simike, ndani ya Jiji la Mbeya, ilikuwa lori tena na mteremko tena, na watu zaidi ya 10 walizikwa. Baada ya misiba kama hiyo viongozi hutufikia, hutupa pole, na huahidi. Tumeahidiwa mafunzo maalumu kwa madereva wa malori. Tumeahidiwa hatua kali. Nilikuwepo kwenye mkutano mmoja wa hadhara, nikiwa nimesimama mstari wa mbele, kiongozi aliponyoosha kidole kuelekea mlimani na kusema kwamba hii itakuwa ya mwisho. Wananchi walipiga makofi, na mimi nilipiga. Mheshimiwa, haikuwa ya mwisho.

Barabara ya njia nne inayojengwa kati ya Nsalaga na Ifisi tunaishukuru kwa moyo wote, kwa sababu itayatenganisha malori na bajaji. Hata hivyo mlima utabaki mlima, na asiyejua kushuka kwenye njia mbili hatajua kwenye njia nne.

Kuna jambo moja linalonikosesha usingizi kuliko kibanda changu. Lori likitoka Dar es Salaam hupimwa Mikumi, hupimwa Wenda, hupimwa Makambako, hupimwa Mpemba, na likizidi uzito unaoruhusiwa mwenyewe analipa. Serikali imeweza kuujua uzito wa kila ekseli ya kila gari katika barabara hii usiku na mchana. Katika njia hiyohiyo yote hakuna mahali hata pamoja ambapo dereva anaulizwa kama anajua kuushusha mzigo huo. Tunapima mzigo ili kuilinda lami. Naomba apimwe na dereva, ili tulindwe sisi tunaoishi kando ya lami.

Ombi langu ni hilohilo, na nitalirudia kwa kuwa sitaki lipotee katikati ya mengine. Asipewe mtu leseni ya daraja E itakayomruhusu kuvuta tela mpaka awe ameshusha gari lenye mzigo mlima wa kweli, na mpimaji amekaa pembeni yake akiiangalia gia, geji ya upepo na mguu wake. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha madereva wa magari makubwa, VETA nao wanafundisha, kwa hiyo walimu tunao. Milima tunayo pia, tena mingi: Kitonga ipo, Mlima Nyoka upo, Iwambi ndiyo hii ninayoiona dirishani. Na kwa wale ambao tayari wana leseni, jaribio hilo lifanyike siku wanapokwenda kuihuisha. Mengine yote ninayaacha kwa wataalamu. Hili moja naomba lisiachwe.

Hospitalini nimekwishatumia karibu akiba yote niliyokuwa nayo, na daktari anasema kijana hataukanyagia mguu ule kabla ya miezi minne. Dereva naye yuko mahabusu. Nilipokwenda kutoa maelezo nilimkuta amejiinamia, na sikuweza kumkasirikia kama nilivyotarajia, kwa sababu alikuwa na umri niliokuwa nao mimi siku niliyoshuka Kitonga kwa mara ya kwanza, tofauti ikiwa kwamba mimi nilikuwa na mtu pembeni.

Ukipata nafasi ya kufika Mbeya, Mheshimiwa Waziri, nakukaribisha Mbalizi wakati wowote. Nitaomba lori lililojaa kutoka kwa mwenye gari atakayekubali, nitakaa usukani na wewe utakaa kiti cha pembeni, tushuke Iwambi taratibu mpaka chini, nami nitakuonyesha kila kitu ambacho yule kijana hakuwahi kuonyeshwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Dereva mstaafu,
Mbalizi, Mbeya