Kumnunia Schiller hakutaiokoa Macworld

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu habari fupi mliyoichapa kuhusu mashabiki wa kompyuta za Apple wanaolalamika kwamba kampuni hiyo inajitoa kwenye Macworld, maonyesho ya kila mwaka ya kompyuta na programu za Apple. Mwandishi wenu aliimaliza kwa kejeli, akauliza watu wazima wanalilia nini ilhali maduka ya Apple yako wazi kila siku. Mimi ni mmoja wa hao watu wazima. Naishi Oakland, California, ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco, na kazi yangu ni kusanifu kurasa za vitabu na majarida. Barua hii naiandikia kwenye mashine ya Apple, kwa hiyo sijifanyi sina upande.

Kwa msomaji ambaye jambo hili limempita: tarehe 16 Desemba Apple ilitangaza kwamba maonyesho ya Januari 2009 ndiyo ya mwisho kwake, na kwamba hotuba ya ufunguzi ya tarehe 6 haitatolewa na Steve Jobs, mkuu wa kampuni, bali na Phil Schiller, mkuu wa masoko. Sababu waliyoitoa ni kwamba maonyesho ya biashara siku hizi ni njia ndogo tu ya kuwafikia wateja. Maduka yao, walisema, huingiza watu zaidi ya milioni 3.5 kila wiki, na tovuti yao nayo ipo. Basi, imetoka hiyo. Wiki tatu kabla ya milango ya Moscone, jengo la maonyesho huko San Francisco, kufunguliwa, wakati watu wameshalipia mabanda, hoteli na ndege.

Tangu siku ile simu yangu haipumui. Wapo wanaotaka tusaini barua ya malalamiko, wapo wanaoapa hawatakanyaga kabisa. Rafiki yangu mmoja, mpiga picha, anawashawishi watu waingie ukumbini kama kawaida kisha wakae kimya hotuba nzima: hakuna makofi, hakuna vifijo, Schiller aongee na viti. Hasira yake naielewa na ninayo pia. Nisichokubaliana naye ni mahali anapotaka kuitua.

Kwanza, Schiller ametumwa. Kumnunia mtu aliyetumwa hakumfikii aliyemtuma. Pili, ukumbi wa Macworld umewahi kugoma waziwazi, tena mbele ya Jobs mwenyewe. Agosti 1997, Boston, Apple ikiwa hoi kifedha, Jobs alitangaza kwamba Microsoft inaweka dola milioni 150 ndani ya Apple na itaendelea kutengeneza Office, programu zake za kazi za ofisini, kwa ajili ya Mac kwa miaka mitano. Uso wa Bill Gates, mkuu wa Microsoft, ulipojaa kwenye skrini kubwa juu ya jukwaa, watu walizomea. Makubaliano hayakubadilika hata nukta moja, na leo wengi wa waliozomea wanaitumia Office hiyo hiyo.

Lakini mwandishi wenu akidhani hofu yetu ni ya kitoto, basi aichukue Boston hiyo hiyo aisome mpaka mwisho. Maonyesho ya kiangazi, yaliyokuwa yakifanyika Boston, yalihamia New York mwaka 1998. Mwaka 2002 waandaaji, IDG, wakatangaza kuyarudisha Boston. Apple ikasema haiendi huko. Boston ikafanyika bila Apple mwaka 2004, ikafanyika tena 2005, kisha ikafutwa. Haikuhitaji mtu kuiua. Mwaka huu Apple haikwenda kwenye maonyesho ya Paris, na yale ya Tokyo ilishaachana nayo zamani. Kwa hiyo IDG wanapotuambia kwamba San Francisco 2010 ipo kama kawaida, watusamehe tukihesabu vidole.

Sasa, tunalilia nini? Si hotuba. Au tuseme, si hotuba peke yake. Januari iliyopita nilipanga foleni mtaa wa Howard, nje ya Moscone, alfajiri, baridi ya ghuba inapenya koti, vijana wamejifunika blanketi huku kompyuta ziko mapajani, mzee mmoja anawagawia kahawa watu asiowajua. Milango ilipofunguliwa, watu wenye mvi walikimbia. Ndani, Jobs akaichomoa MacBook Air, laptopu mpya nyembamba, kutoka kwenye bahasha ya ofisini na ukumbi ukalipuka. Utoto upo hapo, sikatai. Hotuba ile, hata hivyo, ilichukua saa moja na nusu. Maonyesho ni siku kadhaa, na yanafanyika mabandani.

Mwishoni kabisa mwa ukumbi, mbali na banda la Apple lenye taa na zulia, palikuwa na meza mbili za mtu anayetengeneza programu ya kusimamia fonti, yaani aina za herufi. Alikuwa na mkewe, mashine moja na sanduku la diski. Nilimweleza kilichokuwa kinanitesa: nina fonti mbili za jina moja, Helvetica, moja ya muundo wa zamani wa PostScript niliyoinunua kwa ajili ya kazi, nyingine imekuja na mfumo wa kompyuta. Zinagombania jina. Leo faili la mteja linafunguka na hii, kesho linafunguka na ile, mistari inahama, na kitabu cha kurasa 96 kinakwenda kiwandani kikiwa na kurasa 98. Wachapaji wanajua maana ya kurasa mbili za ziada. Hakunipa namba ya huduma kwa wateja. Alinivutia kiti, akaiomba laptopu yangu, akapekua folda moja baada ya nyingine, kisha akaguna, "Hili nilidhani nimelimaliza." Akaliandika kwenye kijitabu. Kesho yake nilipopita alikuwa na toleo jipya kwenye diski, ameliandika usiku hotelini. Nilinunua nakala yangu na ya mwenzangu wa kazini.

Huyo hayumo katika zile milioni 3.5. Rafu za duka zina nafasi kwa wachache, na kijana wa dukani, hata awe mwerevu kiasi gani, anauza kilichokwisha kutengenezwa, hajakiandika yeye. Mabandani mteja anasimama uso kwa uso na aliyeandika programu, anamwonyesha inapokwama, na aliyeiandika anaona aibu. Aibu hiyo ina faida kubwa kuliko fomu yoyote ya maoni kwenye tovuti. Na hao wenye meza mbili hawawezi kujaza ukumbi wao wenyewe. Watu huja kwa ajili ya Apple, wakatoka wamenunua kwao. Muuza nyama akihama soko, muuza binzari hakufanya kosa lolote, lakini kesho yake hauzi.

Haki ya Apple naitambua. Kupangiwa na mtu mwingine tarehe ya kuonyesha kazi yako si jambo jepesi, na tarehe yenyewe ni wiki ya kwanza au ya pili ya Januari, wafanyakazi wakiwa hawajamaliza kupumua kutoka mauzo ya Krismasi. Simu ya iPhone ilionyeshwa Moscone Januari 9, 2007, ikaingia madukani Juni 29. Kampuni inayoweza kuita waandishi wa habari siku yoyote itakayo, nao wakaja mbio, haina sababu ya kusubiri kalenda ya IDG. Kama wangesema hivyo mwaka mmoja kabla, wenye mabanda madogo wangepata muda wa kujipanga, na mimi nisingekuwa na barua ya kuandika. Wiki tatu ni dharau.

Kuhusu afya ya Jobs, ambayo nusu ya mazungumzo huku imegeukia huko, sina la kusema. Mtu kukonda si deni analodaiwa na mashabiki.

Ninachowaomba mashabiki wenzangu, na gazeti lako linasomwa na baadhi yao huku ughaibuni, ni kuielekeza hasira yao IDG, kwa sababu ndio pekee wanaobaki mezani. Kabla maonyesho haya hayajafungwa, waandaaji watangaze bei ya mabanda ya 2010, na wenye kampuni za mtu mmoja au wawili wapunguziwe. Hadi sasa nafasi ya sakafu imekuwa ikiuzwa kwa sababu Apple ipo ndani ya jengo. Apple ikitoka, bei ile ile inakuwa ya nini? Wenye meza mbili wakiambiwa mapema kwamba wanaweza kumudu, watarudi, na wakirudi wao mimi narudi, Jobs awepo asiwepo. Wakisubiri mpaka kiangazi ndipo watangaze, watakuta kila mmoja ameshaamua kubaki nyumbani na kuuza kwenye intaneti, na hapo 2010 itakuwa ni Boston nyingine.

Barua ya malalamiko kwa Apple sitaisaini. Ya kwa IDG nimeshaiandika na kuituma, na mtu yeyote anayetaka kuinakili aichukue, sidai jina langu.

Rafiki yangu mpiga picha tumekubaliana nusu. Atanyamaza kwenye hotuba, lakini akitoka hapo anakwenda moja kwa moja mabandani na pochi yake. Hiyo nusu ya pili ndiyo niliyokuwa naitaka. Ya kwanza afanye apendavyo.

Msanifu kurasa,
Oakland, California
Desemba 2008