Wazazi wa chekechea wasiitwe kwa michango tu

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme kuhusu hizi chekechea zetu huku Pwani ya Kenya, maana kila siku ni habari za madarasa mapya na ajira za walimu lakini kuhusu wazazi hakuna anayesema kitu, na mimi nafundisha PP2, yaani mwaka wa pili wa chekechea, huku Kwale, hili jambo naliona kila asubuhi.

Katiba ya 2010 iliwapa kaunti chekechea, na tangu kaunti zianze kazi 2013 mengi yamefanyika, hilo silikatai. Zamani mwalimu wa nasari alilipwa na wazazi, wao wakikosa naye anakosa, na ile taabu hakuna anayetaka irudi. Lakini wakati ule wazazi walijua nasari ni yao, mwalimu walimchagua wenyewe, paa likivuja wanaitana. Sa hii mzazi anaona ile ni mali ya kaunti, bodaboda inamshusha mtoto getini na kugeuza, muhula mzima mwalimu hajui huyu ni mtoto wa nani.

Na wakiitwa shuleni wanaitiwa pesa. Pesa ya uji, ya mlinzi, ya vyoo. Kuna mkutano mmoja nilikaa, shule siitaji, mama akasimama akauliza mtoto wangu anaendeleaje darasani akajibiwa ati hiyo siyo ajenda ya leo! Huyo mama unadhani atarudi tena? Halafu hiyo mikutano inawekwa Jumatano saa nne asubuhi, baba yuko baharini, mama yuko sokoni, anayekuja ni bibi, na bibi naye anaambiwa tulitaka mzazi. Jamani, huyo bibi ndiye anayemuamsha mtoto, anamuogesha, anamlisha, akiumwa usiku ndiye anayekesha naye, sasa mzazi mnayemtaka ni yupi zaidi ya huyo? Wengine wanasema tuna grupu la WhatsApp. Sawa, lakini bibi ana kile kisimu cha vibonyezo, hizo meseji zinamfikia nani?

Mwalimu akifika nyumbani kwa mtoto anajifunza mambo ambayo hata akae naye darasani mwaka mzima hatayajua. Mtoto unamuona kimya, hajibu, unamwandikia ni mzito wa kuelewa, kumbe nyumbani kwao wanaongea Kidigo na huko anaongea mpaka anaambiwa anyamaze, na vifaranga wa bibi yake anawahesabu mmoja mmoja bila kukosea. Ukishajua hivyo unamuanzia hesabu kwa Kidigo, Kiswahili kitafuata taratibu. Na huyo bibi ukimwalika aje darasani awatolee watoto ngano na vitendawili atakuja, wala hadai malipo, anachotaka ni kuheshimiwa.

Asiniambie mtu kwamba haiwezekani, hapa hapa Pwani ilishafanyika. Miaka ya themanini Waislamu wa huku walipoona watoto wao wanabaki nyuma shuleni waliomba msaada kwa Aga Khan, yule kiongozi wa Waislamu wa Ismailia, na kazi ikaongozwa na mwalimu wa hapa hapa, Bi Swafiya Said, chekechea zikaanza ndani ya madrasa. Kijiji kilikaa kwanza kikakubaliana, kikatoa chumba, kikaunda kamati, wanawake wa hapo hapo ndio waliofunzwa ualimu, vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vifuu na vizibo vya chupa. Mpango ulivuka mpaka Zanzibar na Uganda, shule zikapita 200. Pesa za wafadhili zilisaidia ndiyo, ila wazazi walishirikishwa kabla mlango haujafunguliwa, na sisi siku hizi tunawaita siku ya kukata utepe.

Kwa hiyo ombi langu kwa idara za elimu za kaunti zote sita za Pwani ni hili. Watoto wa chekechea wanatoka adhuhuri, basi alasiri moja kila wiki mwalimu aende majumbani, ihesabiwe ni kazi na apewe nauli maana vijiji vyengine viko mbali. Mkutano wa kwanza wa kila muhula pesa isitajwe kabisa, tuongee watoto tu, na uwekwe baada ya alasiri au Jumamosi ili wavuvi na mama zetu wa sokoni wafike. Pia tukutanishwe na wale wahudumu wa afya wa kijamii, wao wanaingia nyumba hata nyumba, wanajua wapi kuna mtoto wa miaka minne hajaletwa shule na kwa nini, wakati sisi tunangoja getini. Januari tunapokea watoto wapya wa PP1, maafisa wetu wa chekechea wapange haya kabla shule hazijafunguliwa.

Mwalimu wa PP2,
Kwale