Barua kwa mwanangu: andika unachokijua, sio ulichokifanya

Mwanangu, sisi huku Mwanga, Kigoma, wazima, mama yako anakusalimia anasema upige Jumapili mchana, sio usiku wa manane kama juzi.

Yale makaratasi ya chuo uliyonitumia WhatsApp nimeyasoma yote, mdogo wako kanisaidia pale penye maandishi madogo. Nimefurahi, maana nilikua najua digrii ya Marekani lazima ukalie darasani krediti zote 120 na kila moja uilipie, kumbe ukiandaa hiyo potifolio, yaani jalada la maelezo na ushahidi wa unachokijua, mwalimu wa somo akaikagua akaridhika, unapewa krediti za kitu ambacho tayari unakijua. Na sio mambo ya juzi, lile baraza lao la CAEL, linalosimamia mambo ya watu wazima kujifunza kwa uzoefu, lipo tangu 1974. Hapa kwetu VETA wanarasimisha ujuzi wa mafundi wa mtaani na Chuo Kikuu Huria kuna RPL, yaani kutambua ulichojifunza nje ya darasa, ila ile ya Huria inakufungulia geti la kuingia tu, ya huko inapunguza kozi zenyewe.

Sasa rasimu yako. Mimi nimesahihisha karatasi za watoto mpaka nikastaafu, kwahiyo nakwambia kama msahihishaji, hii haijapita. Umejaza "nilifanya biashara ya dagaa na mama pale Kibirizi miaka mingi kwa bidii". Wale hawatoi krediti kwa miaka wala kwa bidii, wanatoa kwa ulichojifunza. Chukua silabasi ya kozi unayoitaka, shika malengo yake moja moja, kila lengo jiulize hili nalijua, nililijulia wapi, nathibitisha na nini. Mfano 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa uvuvi Mei 15 mpaka Agosti 15, ni wewe uliyemkataza mama asimalize mzigo wote mapema, ukapiga hesabu ya stoo, ya dagaa kuvunjika na kushika unyevu, ya hela iliyolala, ukaamua magunia mangapi yabaki. Somo ndio hilo! Lakini usiishie kwenye "tuliuza vizuri", eleza kwanini bei ilipanda, kwanini hukubakiza yote, na kama isingepanda ungefanyaje. Wengi huko wanafuata mtiririko wa David Kolb, yule mtaalamu wa kujifunza kwa uzoefu: ulifanya nini, ukatafakari nini, ukapata kanuni gani, ukaijaribu wapi tena. Hapo kwenye kanuni ndio umegusagusa tu.

Uhasibu achana nao. Wewe ulikua unaandika zilizoingia na zilizotoka, mizania hujawahi kufunga, wakikubana utakwama. Hiyo soma, au jisomee ufanye mtihani wa CLEP, ule wa kupata krediti bila kukaa darasani, kama chuo chako kinaupokea. Ile ada ya potifolio kwa kawaida unalipia ukaguzi sio matokeo, wakikunyima ndio imeenda.

Ushahidi: madaftari ya mauzo nimeyapata, panya wamekula majalada ila kurasa zimepona, mdogo wako anayaskani. Leseni ya biashara ina jina la mama yako kwahiyo peke yake haikusaidii, ndio maana barua ya katibu wa VICOBA ina uzito. Alianza kuandika eti "ni binti mwadilifu mwenye heshima zake", nikamwambia ndugu yangu hawa hawaleti posa, andika kwamba alitunza hesabu za kikundi, alikokotoa riba ya mikopo, mwisho wa mzunguko aligawa faida kwa hisa na namna alivyogawa. Itakua ya Kiswahili, uliza chuo wanataka itafsiriwe na nani, usije ukaitafsiri mwenyewe wakaitupa. Barua yangu mimi usiitegemee, baba shahidi wa mwanae nani atamwamini.

Na kabla hujalipa hata senti muulize mshauri wa masomo mwisho wanakubali krediti ngapi za namna hii, zinaingia kwenye kozi za lazima za digrii yako au zinakaa pembeni tu, na ukihama chuo zinahamika? Vyuo havifanani kabisa, kuna kina Thomas Edison wa New Jersey na Charter Oak wa Connecticut vilivyoanzishwa miaka ya 70 kwa ajili ya watu wazima hasa, na kuna vingine vitakupa chache au visikupe. Akikujibu kwa mdomo mwambie akuandikie imeili.

Nitumie tarehe ya mwisho leo leo, katibu kesho kutwa anaenda Kasulu na muhuri wa kikundi anao yeye.

Baba yako