Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mikutano ya robo mwaka, kuwatembelea wagonjwa na semina ya mazoezi ya viungo vimefanyika kama mnavyofahamu. Sitavirudia.

Niende kwenye lililoleta maneno mengi: kuahirisha safari ya Bagamoyo na kutumia fedha zake kupima macho. Inasemwa mwenyekiti aliamua peke yake. Si kweli. Kamati ilikaa, akidi ilitimia, na muhtasari uko kwa katibu. Wazo nililileta mimi, nikalisimamia mwaka mzima, na bado naliamini.

Wengi wetu tunatumia dawa ya haidroksiklorokwini kwa lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe) au baridi yabisi, na ikitumiwa miaka mingi inaweza kuharibu retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Dawa hii ni ndugu ya klorokwini, ambayo nchi yetu iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Mmoja wetu aliuliza mbona enzi hizo haikutupofua. Ile ya malaria tulikunywa siku tatu tukamaliza. Hii tunameza miaka nenda rudi. Kwa dozi sahihi, hatari kwa retina haifiki asilimia 2 katika miaka 10 ya kwanza, lakini baada ya miaka 20 hukaribia asilimia 20. Retina ikishaharibika hairudi, na uharibifu unaweza kuendelea hata dawa ikiachwa. Ukisubiri mpaka maandishi yaanze kukatika machoni, umechelewa. Kusoma herufi ukutani hakutoshi. Inatakiwa picha ya OCT, inayoonyesha tabaka za retina, pamoja na kipimo cha upeo wa kuona.

Kwa nini walilipiwa baadhi tu? Mwongozo wa madaktari wa macho wa Marekani wa 2016 unataka kila mgonjwa apimwe ndani ya mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka baada ya miaka 5, na mapema zaidi kwa mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti. Fedha zilitosha watu 14, tukaanza na walio hatarini zaidi. Upendeleo uko wapi? Mimi nilijilipia. Wawili walikutwa na dalili za awali, na hakuna kati yao aliyekuwa analalamika macho. Hao wawili wananitosha kuwa jibu.

Mwongozo huohuo unaweka kikomo cha miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 50 hapaswi kuzidi 250, lakini wapo wanaomeza vidonge viwili vya 200 kila siku. Muulizeni daktari, msiache dawa wenyewe.

Sasa mahudhurio. Daktari wa macho alikuja kutufundisha bure, wakafika watu 9. Daftari lina wanachama 62, waliolipa ada ni 23. Mapato yote, ada na michango ya safari, ni shilingi 2,140,000, matumizi 1,985,000. Wanaolalamika zaidi kuhusu fedha hizi wengi hawamo katika hao 23, na hilo linaniumiza.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kupata hospitali itakayotupunguzia bei ili waliobaki nao wapimwe. Safari itafikiriwa hali ikiruhusu. Mhazini yupo mlangoni na kitabu cha stakabadhi, atapokea ada mpaka saa nane.

Mwenyekiti