Namba ya kisigino si ya nyonga

Wiki iliyopita mteja alisimama mbele ya wenzake akasema tumemla pesa. Kabla ya kuanza mazoezi kwetu hapa Ntinda, Kampala, alipimwa uimara wa mfupa wa kisigino, akapata -1.2; namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, mfupa ni hafifu zaidi. Baada ya miezi minne ya kunyanyua vyuma alipimwa nyonga kwa mashine ya DEXA, ikatoka -1.9. "Mmenimaliza mifupa," akasema.

Hatukummaliza. Kipimo cha kisigino hutumia mawimbi ya sauti, DEXA hutumia eksirei, na namba zake hazilinganishwi. Hata DEXA za mashine mbili tofauti hatuzilinganishi. Tena mfupa hauna haraka: kwanza seli hula ule uliochakaa, ndipo nyingine zinajenga mpya, na mzunguko mmoja huchukua miezi kadhaa. Ndiyo maana siku ya kwanza tunamwambia kila mtu arudie kipimo baada ya mwaka, kwenye mashine ileile.

Wanaoshangaa zaidi ni wenye mazoezi. Mzee mmoja ameendesha baiskeli miaka 20, ana pumzi za kijana na nyonga hafifu, kwa sababu baiskeli ndiyo inayombeba, nyonga haibebi uzito wa kuiimarisha. Dada mwingine alikimbia kila alfajiri kwa mlo mmoja kwa siku. Hedhi ilikatika miezi saba, dalili kwamba mifupa inadhoofika, yeye akaona ni nafuu, hadi alipokuja kwetu na ufa kwenye muundi. Huyo hatukumpa chuma. Tulimtuma kwa daktari kwanza, tukamrudisha kwenye sahani: posho (ugali), maharagwe, mukene (dagaa) mzima na mifupa yake.

Sasa bei. Mnasema shilingi 40,000 kwa kipindi ni nyingi. Kuna anayelipia kipindi kimoja, anaturekodi kwa simu, kisha anaendelea nyumbani na jerikani la lita 20. Mama mmoja alifanya hivyo huku mgongo umepinda kama anayepalilia, na pingili moja ya uti wa mgongo ikabonyea. Pesa alizotoa kwa picha na dawa zingemlipia kwetu miezi mingi. Katika jaribio la Australia lililochapishwa 2018, wanawake waliokoma hedhi wenye mifupa hafifu walinyanyua vyuma vizito nusu saa, mara mbili kwa wiki, miezi minane, na mifupa ya mgongo ikaimarika. Lakini walisimamiwa kila kipindi. Usimamizi huo ndio mnaoulipia.

Mteja wetu wa -1.9 tumeshamwandikia kwenye kadi tarehe ya kurudia kipimo. Aje na karatasi yake ya DEXA, ile ya kisigino aiache nyumbani.