Kesho tunaanza safari ya baiskeli ya Cape Town: Nairobi hadi Kajiado
Hamjambo wapendwa. Tukutane Nyayo Stadium saa 11:30 alfajiri, tuondoke saa 12:00 kabla matatu hazijachangamka. Tutapita Mombasa Road ya chini. Kule juu Expressway baiskeli haziruhusiwi. Hadi Athi River malori ya saruji ni mengi, kwa hivyo tupange mstari mmoja, taa za nyuma ziwake, na asiwepo wa kuvaa spika masikioni. Hapo tunakata kulia, chai Kitengela.

Jazeni maji Isinya. Mbele yake kivuli ni haba na upepo wa mbuga huchosha kuliko mlima. Kajiado ni kama kilomita 80 tu. Mwenye haraka ya Cape Town atulie, haihami.

Pasipoti msisahau, kesho kutwa ni Namanga, mpakani na Tanzania.